Kiwango cha Tokeo la Laini: Istilahi za Kikuza Sauti cha Gita la Besi

Mwalimu mmoja wa kwaya aliyeko Bombo, wilayani Same, alinikabidhi kijitabu kilichokuja pamoja na kikuza sauti cha gita la besi, akaniomba nikifasiri kwa Kiswahili. Kijitabu hicho kilikuwa kimekwisha kufasiriwa mara moja. Kijana mmoja wa kwaya alikuwa amekipitisha katika simu yake, simu ikamrudishia kurasa zenye maneno ambayo kila moja peke yake ni Kiswahili safi, lakini yakiunganishwa hayamwambii mtu afanye nini. Kulikuwa na “tokeo la mstari”, “faida ya bwawa”, “inua ardhi” na “nguvu ya mzimu”. Hili la mwisho lilizua kicheko na pia mashaka kidogo, kwa kuwa chombo chenyewe kilinunuliwa kwa matumizi ya ibada.

Kabla ya kuendelea, yafaa kumwondolea msomaji shaka moja. Bombo ninayoitaja si ile ya Tanga mjini ambako iko hospitali ya mkoa. Hii ni Bombo ya Gonja, upande wa mashariki wa Milima ya Pare ya Kusini, ambako watu hufika kwa barabara itokayo Same kupitia Kisiwani na kuuzunguka mguu wa milima huku nyika ya Mkomazi ikiwa mkono wa kushoto. Nayo ina hospitali yake, ile ya Gonja iliyo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Basi jina moja, hospitali mbili, mikoa miwili, na aliyekosea hupoteza nauli. Jambo hili silitaji kwa mchezo. Ndilo tatizo lile lile tutakalolikuta katika vyombo vya muziki, ambako jina moja limebebeshwa vitu viwili au vitatu, na aliyekosea hupoteza spika.

Nilikwenda Bombo kukiona chombo chenyewe, kwani ni vigumu kufasiri maelezo ya kitu ambacho mfasiri hajakigusa. Siku hiyo kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi uwanjani, nje ya jengo, kwa ajili ya harusi. Palikuwa na miksa ndogo, vipaza sauti vinne, kinanda, gita la besi na spika mbili kubwa juu ya vigoda vya chuma. Wimbo ulipofika katikati mwalimu akainua mkono, akasema, “Punguzeni besi!” Wanaume sita waliosimama nyuma, waimbao sauti ya nne, wakashusha sauti zao mara moja kwa utiifu. Mpiga gita hakujigusa, kwa kuwa alidhani hakuambiwa yeye. Kijana wa miksa akazungusha kitufe cha sauti za chini katika mstari wa kinanda. Mvumo uliokuwa ukimkera mwalimu ukabaki pale pale, na wimbo ukapungukiwa waimbaji.

Tukio hilo dogo lilinifunza kuliko kijitabu. Neno “besi” kwa wanakwaya wa Kitanzania lina maana tatu zilizo hai kwa wakati mmoja. Kwanza ni sauti ya nne ya kwaya pamoja na watu waiimbao. Pili ni gita la besi. Tatu ni sehemu ya chini ya sauti yoyote ile, inayoongezwa au kupunguzwa kwa kitufe. Hakuna haja ya kulifuta neno hilo katika maana yoyote kati ya hizo, na hata tungetaka tusingeweza. Linalohitajika ni kulipa msaidizi: waimbaji wa besi, gita la besi, sauti za chini. Nilimshauri mwalimu hivyo, naye akaniambia kwamba neno refu halisemeki katikati ya wimbo. Akakubali “waimbaji”, “gita” na “chini”. Nadhani alikuwa sahihi zaidi yangu. Istilahi ya kitabuni yaweza kuwa na maneno matatu, bali ya kazini sharti iwe na pumzi moja.

Turudi kwenye kikuza sauti. Hapa lugha yetu ina deni la siku nyingi. Kitenzi “kupaza” kilitupatia “kipaza sauti”, neno zuri lenye asili yake ndani ya Kiswahili, nalo likaenea haraka. Lakini lilienea kupita kiasi. Wapo wanaoliita kipaza sauti kile kifaa kinachoshikwa mkononi na mwimbaji, wapo wanaoliita hivyo lile sanduku linalotoa sauti, na wapo wanaoiita hivyo mashine iliyo kati ya viwili hivyo. Vifaa hivi vitatu vinafanya kazi zinazopingana. Cha kwanza hugeuza sauti kuwa umeme. Cha mwisho hugeuza umeme kuwa sauti. Cha katikati huupokea umeme mdogo na kuutoa ukiwa mkubwa. Mtu akiandika katika taarifa ya manunuzi “vipaza sauti vinne”, karani wa ugavi anaweza kuleta chochote kati ya vitatu hivyo na asiwe na kosa.

Matumizi ya wengi leo yamekwisha kutoa hukumu kwa sehemu kubwa. “Kipaza sauti” limebaki kwa kile cha mkononi, ambacho vijana hukiita maiki. “Spika” limeshika sanduku linalotoa sauti, ingawa hugongana na Spika wa Bunge, na mgongano huo haujapata kumpoteza mtu yeyote. “Kikuza sauti” ndilo linalofaa zaidi kwa mashine ya katikati, kwa kuwa “kukuza” ni kukifanya kilicho kidogo kiwe kikubwa bila kukibadili umbo, na hiyo ndiyo kazi yake hasa. Mafundi husema “amplifaya”, na sioni ubaya wa maneno yote mawili kuishi pamoja. Katika makala haya nitasema kikuza sauti, na kile cha gita la besi nitakiita kwa ufupi kikuza besi.

Kikuza besi kina matundu mengi nyuma yake. Tundu moja hupokea waya kutoka kwenye gita. Tundu la pili hupeleka umeme mwingi kwenye spika yake mwenyewe, ile inayomwezesha mpigaji na wenzake walio karibu kujisikia. Tundu la tatu, mara nyingi lenye vipini vitatu, ndilo linalopeleka sehemu ya sauti hiyo kwenye miksa ili isikike kwa hadhira yote. Tundu hili la tatu ndilo lililofasiriwa na ile simu kuwa “tokeo la mstari”.

Je, kwa nini si mstari? Kwa sababu neno la asili halikutoka kwenye karatasi wala kwenye rula. Lilitoka kwenye simu. Watangazaji wa mwanzo wa redio walikodi nyaya za simu ili kupeleka muziki kutoka ukumbini hadi kituoni. Ilibidi umeme wa sauti ufikishwe kwenye kiwango fulani kilichokubaliwa kabla ya kuingizwa katika nyaya hizo, usiwe mdogo ukamezwa na kelele za njiani, wala usiwe mkubwa ukaingilia mazungumzo ya watu katika nyaya za jirani. Kiwango hicho kikaitwa kwa jina la waya wenyewe, na jina likabaki hata baada ya waya wa simu kuondoka. Hadi leo kipimo cha mafundi huanzia kwenye volti 0.775, namba isiyo na maana yoyote katika muziki. Hiyo ni volti inayotoa elfu moja ya wati katika ukinzani wa omu 600, kipimo kilichorithiwa kutoka katika kazi ya simu.

Kiswahili nacho kina neno lenye maana hiyo hiyo kamili: “laini”, kama katika laini ya simu. Kwa hiyo hatuna haja ya kubuni. “Tokeo la laini” ni tafsiri iliyo sahihi kwa historia na kwa matumizi. Ila mfasiri aangalie sana kiunganishi. Akiandika “tokeo laini”, kama nilivyokuta katika tangazo moja la duka, amesema jambo jingine kabisa, yaani tokeo lililo nyororo, na mnunuzi atadhani amehakikishiwa sauti isiyokwaruza. Herufi mbili tu, “la”, ndizo zinazotenganisha jina la waya na sifa ya ngozi.

Sasa twende kwenye “kiwango”. Neno hili nimelichagua badala ya “sauti” kwa makusudi. Watu husema “ongeza sauti” kwa maana ya kuongeza ukubwa wake, na katika mazungumzo inatosha. Lakini kinachopita katika waya wa laini si sauti bado. Ni umeme unaopanda na kushuka kwa kuifuata sauti. Hausikiki. Unaweza kuwa mkubwa mno bila mtu yeyote uwanjani kusikia makelele, kwa sababu kitelezi cha miksa kimeshushwa, na ukawa tayari umeharibika. Mtu akitumia neno “sauti” kwa vyote viwili atamwambia mwenzake “sauti ni ndogo, ongeza”, naye ataongeza mahali pasipo pake.

Namba zitasaidia. Kipaza sauti cha kawaida hutoa umeme wa elfu chache za volti moja. Gita la besi hutoa zaidi, tuseme kutoka sehemu ya kumi ya volti hadi volti nzima mpigaji akichapa kwa nguvu. Kiwango cha laini katika vyombo vya kazi rasmi ni kama volti 1.23, na katika vyombo vya nyumbani ni kama volti 0.32. Lakini umeme uendao kwenye spika ni wa namna nyingine: kikuza sauti cha wati 100 kikiisukuma spika ya omu 8 hutoa zaidi ya volti 28. Ndiyo maana kuchanganya tundu la spika na tundu la laini si kosa dogo. Anayechomeka waya kutoka tundu la spika na kuupeleka kwenye miksa anaiingizia miksa umeme ulio mara ishirini na zaidi ya ule iliotengenezewa, na ikiwa ameuchomeka katika mlango wa kipaza sauti, ni mara maelfu. Katika tafsiri niliyoikuta, matundu yote mawili yalikuwa yameitwa “tokeo” tu.

Mafundi hawapendi kusema mara maelfu. Wao hutumia desibeli, kipimo kilichopewa jina kwa kumkumbuka Alexander Graham Bell. Kanuni mbili zinamtosha mwalimu wa kwaya. Kuongeza desibeli 6 ni kuzidisha volti mara mbili, na kuongeza 20 ni kuzidisha mara kumi. Kwa hiyo swichi ya kipunguzi iliyoandikwa 20 huacha volti moja tu kati ya kila kumi. Kijana aliyeiona swichi hiyo alidhani inapunguza asilimia ishirini, akashangaa kwa nini gita lilitoweka.

Kuweka kiwango hicho vizuri si kazi ngumu ikiwa utaratibu unafuatwa. Pale Bombo tuliifanya hivi. Kwanza kila kitu kilizimwa na kufungwa, kisha miksa ikawashwa, kikuza besi kikafuata, na spika kubwa zikawashwa mwisho, ili mshituko wa kuwasha usifike kwenye spika. Katika kikuza besi, kitufe cha kiwango cha tokeo la laini kiliwekwa katikati. Katika miksa, kitufe cha ukuzaji kilizungushwa hadi mwisho wa chini. Mpigaji akaombwa apige, si kwa upole kama watu wafanyavyo wanapojaribu chombo, bali kwa nguvu ile ile atakayoitumia wimbo ukichangamka, na zaidi kidogo. Hapa ndipo wengi hukosea. Hujaribu kwa vidole vya kuomba radhi, kisha siku ya shughuli hupiga kwa vidole vya ushindi, na taa nyekundu huwaka hadi mwisho.

Alipokuwa akipiga hivyo, ukuzaji wa miksa ulipandishwa polepole huku macho yakiwa kwenye mita. Miksa yenye mita ya zamani, ile inayotokana na kanuni zilizowekwa Marekani mwaka 1939, hutakiwa kucheza karibu na sifuri na kuvuka kidogo katika vilele. Miksa za tarakimu za siku hizi zina sifuri ya maana nyingine kabisa. Kwao sifuri ndiyo dari, hakuna juu yake, na vilele vya gita la besi yafaa vibaki kama desibeli 12 chini ya dari hiyo. Hizi ni sifuri mbili zenye jina moja, na anayehama kutoka miksa moja hadi nyingine bila kuambiwa atavigonga vilele vyake darini akidhani yuko mahali sawa. Mfasiri wa maelezo ya vyombo hivi hana budi kueleza ni sifuri ipi inayosemwa, hata kama kijitabu cha asili hakikueleza.

Wimbi likigonga dari hukatwa kichwa. Lililokuwa kilima linakuwa uwanda, nayo spika, iliyotegemea kwenda na kurudi kwa mwendo laini, hulazimishwa kusimama ghafla juu na ghafla chini. Watu wa kawaida husema sauti “inapasuka” au “inakwaruza”, na maneno hayo ni mazuri, yadumu. Lakini kwa ajili ya mafunzo tunahitaji jina la chanzo na si la dalili tu. Nimependekeza “kukatwa kwa vilele”. Spika ya mwaka uliopita pale Bombo ilikufa kwa ugonjwa huo, na ilikuwa imenunuliwa kwa michango ya akina mama waliouza tangawizi na ndizi. Aliyeiunguza alikuwa akiufuata mshale wa tafsiri yake: “ongeza faida hadi ipatikane”. Nani asiyetaka faida?

Kama ukuzaji wa miksa umefika chini kabisa na taa nyekundu bado inawaka, ndipo kiwango kwenye kikuza besi hupunguzwa, au swichi ya kipunguzi hubonyezwa. Kama kinyume chake ukuzaji umepandishwa karibu na mwisho na gita bado ni hafifu, ndipo kiwango kwenye kikuza besi huongezwa, kwani ukuzaji mwingi katika miksa huinua pamoja na gita ule mchakato wa umeme unaosikika kama mchanga ukimwagwa. Lengo ni kwamba chombo cha kwanza kitoe cha kutosha ili cha pili kisipate shida. Baada ya hapo kitufe cha kiwango kisiguswe tena hadi mwisho wa shughuli. Mpigaji akitaka kujisikia zaidi, ageuze ukubwa wa spika yake mwenyewe.

Lakini je, akigeuza ukubwa wa spika yake, hadhira haitasikia mabadiliko? Hilo hutegemea tundu la laini limeunganishwa wapi ndani ya chombo, na vyombo havifanani. Katika vikuza besi vingi tokeo la laini huchukuliwa kabla ya kitufe cha ukubwa wa mwisho, hivyo mpigaji yu huru jukwaani. Katika vingine huchukuliwa baada yake, na kila akijiongezea yeye huiongezea dunia. Vingi vina pia swichi ya kuchagua kama tokeo lichukuliwe kabla ya vitufe vya kurekebisha sauti za chini na za juu au baada yake. Hapa Kiswahili kinatenda vizuri kuliko nilivyotarajia. “Kabla” na “baada” ni maneno mafupi, kila mtoto anayajua, na yanaandikika juu ya swichi. Pale Bombo tulichagua “kabla”, kwa sababu mpigaji hupenda kubadili vitufe vyake kila wimbo na kijana wa miksa hakutaka kumkimbiza.

Mvumo uliomkera mwalimu siku ile, hata hivyo, haukutokana na kiwango. Tuliponyamazisha gita, mvumo uliendelea, nao ulikuwa karibu na noti ya soli ya chini. Umeme wa gridi yetu hutetema mara 50 kwa sekunde. Waya mnene wa gita la besi, ukiachwa wazi, hutetema mara 41 hivi, na ukibanwa penye kipande cha tatu hutetema mara 49. Kwa hiyo mvumo wa umeme hukaa ndani kabisa ya nyumba ya gita la besi, na si rahisi kuuchuja bila kuchuja muziki. Chanzo chake mara nyingi ni kwamba kikuza besi na miksa vimeungwa ardhini kwa njia mbili, moja kupitia nyaya za umeme na nyingine kupitia waya wa sauti, na njia hizo mbili zikaunda duara ambamo umeme mdogo huzunguka.

Dawa yake ni swichi ndogo iliyo kando ya tokeo la laini, ambayo hukata waya wa ardhi ndani ya waya wa sauti peke yake. Na hapa ndipo nilipoacha kucheka. Ile tafsiri ya simu ilisema “inua ardhi ili kuondoa mvumo”. Haikusema ardhi ipi. Mtu mmoja mwenye nia njema alikuwa ameifungua plagi ya ukutani ya kikuza besi, akautoa waya wa kijani na njano, akaifunga tena. Mvumo ulikuwa umetulia kidogo, akasifiwa. Wiki chache baadaye mpiga gita alipokisogelea kipaza sauti ili kuitikia kibwagizo, mdomo wake ulipigwa na umeme. Mkono wake ulikuwa kwenye nyuzi, nyuzi zimeungwa na bati la kikuza besi, na bati hilo halikuwa tena na njia ya kuelekea ardhini isipokuwa kupitia mwili wake. Alipona kwa kuwa mshituko ulikuwa mdogo. Siku ya mvua, miguu ikiwa juu ya nyasi zilizolowa, nisingependa kujua.

Kwa sababu hiyo nimelikataa neno moja “ardhi” katika maelezo haya, ingawa ni sahihi kisayansi. Katika tafsiri yangu kuna “ardhi ya usalama”, iliyo katika plagi na isiyoguswa kamwe, na kuna “ardhi ya waya wa sauti”, ambayo swichi yaweza kuikata. Swichi yenyewe nimeiita “kikata ardhi ya sauti”. Ni jina refu, na yule mwalimu atalifupisha apendavyo. Lakini hili ni mahali ambapo urefu unalinda uhai, na sikubali lifupishwe kuwa “kikata ardhi”. Watumishi wanaofasiri miongozo ya mashine za maji, za hospitali na za kusaga watakutana na neno hilo hilo, nao wasilipite haraka.

“Nguvu ya mzimu” haikunisumbua sana. Ni umeme wa volti 48 ambao miksa huupeleka juu kupitia waya ule ule unaoleta sauti, kwa ajili ya vipaza sauti vinavyohitaji kulishwa. Wazungu waliuita hivyo kwa kuwa hauonekani na waya wake wa peke yake haupo. Nimeuita “umeme wa kipaza sauti”, na nikaongeza sentensi moja kwamba uzimwe katika mlango unaopokea tokeo la laini, kwa maana baadhi ya vikuza besi haviupendi.

Yatupasa kukiri kwamba lugha ya kazi hii haikuanzia mezani petu. Bendi za dansi zilipokuwa zikipiga kwa magita ya umeme, kuanzia NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964 na ambayo baada ya kupitia majina ya JUWATA na OTTU leo ni Msondo Ngoma, hadi Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 na kujulikana kwa Sikinde, palikuwa na mtu aliyekaa nyuma ya mashine usiku kucha. Watu walimwita fundi mitambo. Vifaa vyote kwa pamoja viliitwa vyombo, na kwa kuwa vyombo hivyo aghalabu vilikuwa mali ya taasisi inayomiliki bendi na si ya wanamuziki, fundi huyo alikuwa pia mlinzi wa mali. Bendi hizo ndizo zilizozoeza masikio yetu maneno solo, ridhimu na besi, na mpiga besi akawa mtu wa kutajwa. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na orodha zake za tafsiri sanifu zilizotolewa miaka ya 1970 zilishughulikia zaidi vyeo, ofisi na idara, kama ilivyotakiwa wakati ule. Fundi mitambo alijisanifia mwenyewe. Kwa maoni yangu tungepata nusu ya istilahi hizi kwa kukaa naye jioni mbili, na tusingepata “faida ya bwawa”.

Limebaki neno hilo tu ambalo sijaridhika nalo. “Ukuzaji” ni sahihi, lakini ni jina la kazi ya chombo kizima, na linapoandikwa juu ya kitufe kimoja linazidiwa. Nilipokuwa nikieleza haya kwa mpiga gita wa Bombo, alinisikiliza, kisha akageukia miksa, akaweka kidole kwenye kitufe chenyewe na kusema kwamba wao hukiita mlango. Sauti iko nje, mlango ukifunguliwa kidogo inaingia kidogo, ukifunguliwa wote inaingia na vumbi. Kitelezi cha chini, alisema, ni dirisha la kuitolea kwa watu. Nikamwuliza taa nyekundu ni nini. “Hiyo, mzee, ni sauti imegonga kizingiti.” Nimeliandika “mlango” pembeni ya “ukuzaji” katika nakala niliyowapelekea, na wasomaji wenye neno bora zaidi waliandikie Baraza.